Lugha Inayosemwa Nyumbani

Tolliver, Oregon
17 Januari 2016

Dada Ofelia,

Najua utashtuka kupata barua wakati jana tu tumeongea. Lakini kwenye simu mama yupo, nawe unaiweka spika ili asikie, na mimi nikitamka jambo zito kidogo anaanza kulia, tunamaliza salio tukimbembeleza. Kwa hiyo haya yatakuja na Don Nacho, anaondoka Jumatano na vifurushi vya watu. Mama msomee salamu. Mengine kaa nayo.

Kuna jambo shuleni. Mwezi wa tisa wanaanzisha darasa la lugha mbili, nusu ya siku Kihispania, nusu Kiingereza, kuanzia watoto wa miaka mitano mpaka wamalize shule ya msingi. Viti ni ishirini na vinne. Kumi na viwili ni vya watoto wanaosema Kihispania nyumbani, kumi na viwili vya watoto wa Kiingereza, ili wafundishane. Mwalimu mwenyewe anatoka Puebla. Jina la Yareli, huyu wangu mdogo, nililipeleka siku ya kwanza kabla ya zamu, na aproni ya ghala la matufaha ikiwa mwilini.

Nikuambie kwa nini nakitaka kiti hicho kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka tangu nije huku. Marisol, mkubwa wangu, nimempoteza. Hajatoroka, yuko hapa chumba cha pili, ana miaka kumi na mitatu na amenipita urefu. Lakini hatuongei, dada. Kwa Kihispania ananiambia naenda, nimerudi, chumvi iko wapi. Ya moyoni anawaambia wenzake kwa Kiingereza. Akijaribu kuniambia mimi anasimama katikati, anatafuta neno, halipati, anasema, "Basi, mama, achana nayo." Mwezi uliopita alilia siku mbili. Nilimpikia, nikamchana nywele. Mpaka leo sijui alikuwa analilia nini.

Yareli bado ni wangu. Asubuhi nikimvisha soksi ananisimulia ndoto zake zote mpaka tunachelewa. Akiisoma lugha hii shuleni, akaiandika, akaona mwalimu anaiheshimu, hataionea aibu kama dada yake. Nitazeeka nikiwa na mtoto mmoja wa kuongea naye. Sitaki zaidi ya hapo.

Niombee. Viatu vya mama vimo kwenye kifurushi.

Mdogo wako,
Eulalia


San Isidro del Monte, Michoacán
9 Februari 2016

Lalia,

Nimeisoma barua yako sokoni, huku nauza, nikacheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama nimepata mchumba. Yaani magringo, Wazungu wa huko, wanapanga foleni kutafuta Kihispania? Hiki hiki ninachomtukania punda? Ningejua ningekifunga kwa jani la mahindi kama tamali nikawauzia. Mungu anawapa meno wasio na mifupa.

Lakini umefanya vizuri. Nimekuombea kweli, si kwa mdomo tu. Viatu vinamtosha, anavivaa hata kitandani.

Sasa nami nina langu. Mama ananiuliza kila Jumamosi kama mtoto wako ni bubu. Unampa simu, mama anamwambia, "Mwanangu, mimi ni bibi yako, habari yako?" Halafu kimya, tunasikia anavyopumua tu. Mimi namwambia ana haya. Jumapili iliyopita amemwashia mshumaa kanisani, eti Mungu amfungue ulimi. Mtoto anayesimulia ndoto mpaka mnachelewa anashindwaje kumwamkia bibi yake? Au ndiyo nyinyi watu wa kaskazini, mmekuwa wakubwa?

Natania. Ila nijibu.

Dada yako,
Ofelia


Shule ya Msingi Tolliver
4 Machi 2016

Kwa mzazi/mlezi wa: YARELI TAPIA

Barua hii imetafsiriwa kwa mashine. Tunaomba radhi kwa makosa.

Asante kwa hamu yako katika Darasa la Lugha Mbili. Tulipokea maombi mengi kushinda matarajio. Kwa kuwa kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba Yareli ni mzungumzaji wa Kiingereza, jina lake liliingizwa katika kura ya watoto wa Kiingereza. Halikuchaguliwa. Nafasi yake katika orodha ya kusubiri ni: 31.

Kwa bahati mbaya, mwaka huu familia nyingi za Kihispania hazikujitokeza. Viti vinane vilivyobaki katika upande huo vimepewa watoto wengine wenye hamu. Tunathamini sana utajiri wa lugha na utamaduni wa jamii yetu.

Kwa moyo mkunjufu,
Heather Lindqvist
Mratibu wa Darasa la Lugha Mbili


Tolliver, 12 Machi 2016

Dada,

Wametunyima. Sina hata nguvu ya kuandika lakini nikinyamaza nitapasuka.

Wanasema Yareli ni mtoto wa Kiingereza. Yareli! Wanasema familia za Kihispania hazikujitokeza. Mtaa wetu mzima, kuanzia kwenye mfereji mpaka kwenye ghala, kuna nyumba gani isiyosema Kihispania? Orodha wameibandika mlangoni. Nimesoma majina yote ishirini na manne. Manne tu ndiyo wewe unaweza kuyatamka. Waliobaki ni watoto wa kule mlimani, wa madaktari na wenye mashamba ya mizabibu. Nimesimama pale mpaka kengele ikalia. Mama mmoja alikuwa anampiga mwanawe picha pembeni ya jina lake.

Mwenye nacho huongezewa, dada. Tumewapa migongo yetu, sasa wanachukua na ulimi. Usimwambie mama.

Kuhusu simu, Yareli ana haya tu. Atazoea.

Eulalia


San Isidro, 2 Aprili 2016

Lalia,

Niliposoma barua yako niliwatukana magringo wote kuanzia juu mpaka chini, punda akadhani namwambia yeye. Halafu nikaisoma tena polepole, nikasimama kwenye neno moja. "Wanasema."

Wanasema kwa sababu gani? Mtu hakai ofisini akaota kwamba mtoto anayeitwa Yareli Tapia, ambaye mama yake hawezi kuagiza kahawa kwa Kiingereza, ni mtoto wa Kiingereza. Kuna mahali wamelisoma. Na shuleni karatasi hazijiandiki.

Mimi nimekulea, Lalia. Ulipovunja chungu cha shangazi ulinionyesha paka aliyepita, ukamfukuza kabisa kwa fimbo, ukakililia chungu. Kwenye barua yako kuna paka. Sema ulichofanya, nenda ukawaambie na wao. Wakikufokea, utafokewa. Kufokewa hakuui.

Ofelia


Tolliver, 11 Aprili 2016

Mheshimiwa Bi. Lindqvist,

Mimi ni mama wa Yareli Tapia. Naandika kwa Kihispania kwa sababu ndicho ninachokijua, na naomba barua hii isomwe na mtu, isisomwe na mashine.

Ile fomu niliyojaza mwaka juzi alipoanza chekechea si ya kweli. Iliuliza mambo matatu. Mtoto alijifunza lugha gani kwanza, nyumbani mnasema lugha gani, mtoto anapenda kusema lugha gani. Nilijibu Kiingereza mara tatu. Mimi sijui Kiingereza. Hata hilo neno sikujua linavyoandikwa, nililinakili kwenye daftari la binti yangu mkubwa.

Nilidanganya, na naomba msamaha. Adhabu iwe yangu. Yareli anasema Kihispania tangu alipoanza kusema. Naomba apimwe, mtajionea wenyewe. Siombi upendeleo. Naomba msikilize.

Wako mtiifu,
Eulalia Tapia


Shule ya Msingi Tolliver
6 Mei 2016

Mpendwa Bi. Tapia,

Asante kwa ukweli wako. Safari hii nimemwomba mwalimu wetu kutoka Puebla aniandikie, ili unielewe vizuri.

Kama ulivyoomba, Yareli alipimwa Jumanne. Mtahini alimwonyesha picha ishirini akamwuliza kwa Kihispania ni nini. Yareli hakutaja hata moja. Kila alipoulizwa alitabasamu na kuziba mdomo kwa kiganja. Mwishoni alisema kwa Kiingereza, vizuri sana, jina lake, umri wake na kwamba anapenda rangi ya zambarau. Ni mtoto mchangamfu na mwenye adabu.

Ninaelewa kwamba wazazi wengi wangependa watoto wao warudishiwe lugha ya wazee wao. Ni hamu nzuri. Lakini kwa viti vya wazungumzaji tunalazimika kufuata kipimo, na kipimo hufanywa mara moja kwa mwaka. Yareli anabaki kwenye orodha ya kusubiri.

Tafadhali usivunjike moyo. Mlango wetu uko wazi daima.

Heather Lindqvist


Tolliver, 15 Mei 2016

Dada Ofelia,

Paka hakuwepo. Chungu nilivunja mimi.

Marisol alipoanza shule niliandika ukweli kwenye fomu. Kihispania, mara tatu, kwa fahari. Wakamtoa darasani. Walikuwa na chumba cha nyuma karibu na vyoo, wanakaa humo watoto wetu wote na mwanamke mmoja asiye mwalimu, wanapaka rangi picha za bata wakati wenzao wanasoma. Alikaa miaka mitatu. Kila nikiuliza lini atatoka, ananijibu mtu kwa tabasamu. Alipotoka alikuwa ameshaapa kwamba neno la Kihispania halitamtoka tena mbele za watu.

Tangu hapo akina mama wa mtaa huu tuna kanuni, na tunaambiana kanisani. Fomu ikija, andika Kiingereza. Shoga yangu Chayo aliandika hivyo, dada yake pia, kambi nzima ya vibarua. Ndiyo maana "hatukujitokeza". Tulijificha wenyewe, tukajificha vizuri, na siku walipotutafuta kwa nia njema hatukuonekana. Chumba cha bata walishakifunga zamani, na hakuna aliyetuambia.

Lakini hilo la fomu ni dogo. Lililo kubwa sijakuambia.

Nilimfundisha Yareli mchezo. Tangu ana miaka mitatu. Mimi nakuwa mwalimu, nakaa kwenye kiti, namwuliza kwa Kihispania, "Mtoto mzuri, unaitwa nani? Hiki ni nini?" Akijibu kwa Kihispania ameshindwa, namvuta sikio kidogo, tunacheka. Akiziba mdomo, au akajibu kwa Kiingereza cha Marisol, ameshinda, anapata kipande cha peremende. Nilifanya hivyo ili kile chumba wasimpeleke. Tuliucheza miaka miwili. Hakuna anayeweza kumshinda. Nilipokuwa namwambia, "Nitakutega," alikuwa anajibu, "Hunitegi, mama."

Ndiyo maana hamwamkii mama. Simu ikiwekwa spika anadhani ni mchezo, anadhani watu wengi wanasikiliza.

Asubuhi ya kupimwa nilimshika mabega nikamwambia, leo mwalimu akikuuliza, jibu kwa Kihispania, kwa sauti. Akanikonyeza. Nikamwambia, Yareli, leo ni kweli, si mchezo. Akaniambia, "Najua, mama," akacheka. Dada, nilikuwa nasema hivyo hivyo kila siku ili kumtega.

Alipotoka alikimbia kunifuata nje. Nikamfunga mkanda wa gari, akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa Kihispania safi: mbwa, mkate, jua, ndoo, ngazi, kuku, mwezi. Akazitaja picha zote ishirini. Akaniambia, "Zote nilizijua, mama, na sikusema hata moja. Umefurahi?" Akanyoosha mkono apewe peremende.

Nilimpa. Ningefanya nini?

Nilirudi ndani kumweleza mtahini, ameshaondoka, yupo mwanamke wa mapokezi tu asiyejua Kihispania. Kwa maneno gani? Nilisema mchezo, mchezo, nikaziba mdomo wangu kwa mkono kumwonyesha. Akanishika bega, akaniletea maji.

Majuto ni mjukuu, walisema wazee, na mimi wangu amekuja nikiwa na miaka thelathini na minne.

Eulalia


San Isidro, 20 Juni 2016

Mdogo wangu,

Nilikuwa nimekuandalia matusi, lakini nilipofika kwenye mkono uliotaka peremende nikayaacha yote.

Ulijipalia makaa, hilo silifichi. Lakini mama ambaye mtoto wake mmoja ameungua, wa pili akamweka mbali na moto mpaka hata chai akamnyima, mimi siwezi kumhukumu.

Sasa sikiliza. Shule siyo mwisho wa dunia. Wewe una mdomo. Mfundishe mwenyewe. Mwambie mchezo umekwisha, ongea naye, mwimbie, mtukanie punda. Sisi nani alitufundisha? Mtoto huokota maneno sakafuni kama kuku. Na akipokea simu Jumamosi, Marisol atoke, wewe utoke, spika nitaizima. Abaki yeye na mama tu.

Mama amepunguza kula kidogo, ni joto.

Ofelia


Tolliver, 13 Novemba 2016

Dada,

Nisamehe kimya. Msimu huu wa matufaha ulikuwa mrefu.

Umeniambia nimfundishe mwenyewe. Naondoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa kumi na moja jioni. Nikishamvisha namwacha kwa jirani, anaangalia katuni mpaka saa ya shule. Shuleni ni Kiingereza tupu, darasa la kawaida, pembeni kabisa ya lile la lugha mbili, ukuta mmoja. Akirudi yuko na Marisol. Mimi nampata saa mbili kwa siku, nikiwa na mikono iliyokufa ganzi.

Mchezo nilimwambia umekwisha. Akaniambia hakuna mchezo unaokwisha akiwa anashinda.

Mwezi wa tisa bado alinisimulia ndoto. Mwezi wa kumi akawa anaanza kwa Kihispania na kumalizia kwa Kiingereza. Sasa nikimvisha soksi anaimba nyimbo za shule. Juzi alitaka kijiko, akanyoosha kidole. Nikamwambia, kiite. Akasimama pale, uso ukamwiva, akachukua uma.

Watoto wa upande wa pili wa ukuta wanasikika wakiimba namba kwa Kihispania. Chayo ananiambia wana lafudhi nzuri.

Mama vipi? Jumamosi sauti yake ilikuwa mbali.

Eulalia


San Isidro, 22 Januari 2017

Lalia,

Ulikuwa unaniambia simu inakata ukimuuliza mama jambo. Haikati. Ninaikata mimi.

Tangu Juni mama anapotea kidogo kidogo. Si nilikuambia ni joto? Halikuwa joto. Sikutaka ulie kwenye mashine ya matufaha ukakatwa vidole.

Unakumbuka tukiwa wadogo, mama na shangazi wakiongea jikoni, sisi tukiingia wananyamaza? Tulidhani wanasengenya watu. Walikuwa wanaongea Kipurepecha, lugha ya wenyeji wa asili wa huku. Ndiyo lugha aliyozaliwa nayo mama. Mwalimu alimchapa kwa ajili yake mpaka akaacha shule, naye akaapa sisi wawili hatutaipata. Shangazi aliniambia hayo kabla ya kufa. Sikukuambia, niliona ni mambo ya kale, yana faida gani.

Sasa Kihispania kimemtoka mama. Kilitoka kama meno, moja moja, mpaka Noeli kikawa kimekwisha. Kilichobaki ni kile cha jikoni. Anasema siku nzima, Lalia. Ananishika mkono ananiambia mambo, na mimi namjibu ndiyo mama, tulia mama, kila kitu kiko sawa.

Jumanne alisema neno moja tangu asubuhi. Moja tu, mara mia. Nikamfunika blanketi. Nikamwashia redio. Akawa analia na kulisema. Jioni akapita mwanamke wa Cherán, kwa Wapurepecha, anayeuza vyungu, nikamwita ndani nikamwambia, nisaidie, mama yangu anataka nini. Akainama, akamsikiliza. Akanitazama vibaya sana. Akasema, "Anaomba maji."

Siku nzima, mdogo wangu. Mtungi ulikuwa mlangoni.

Sikuandikii haya ili kukuumiza. Nakuandikia kwa sababu hakuna mwingine atakayeelewa.

Ofelia


Shule ya Msingi Tolliver
10 Februari 2017

Mpendwa Bi. Tapia,

Natumaini unanikumbuka. Machi tunafanya Wiki ya Familia katika Darasa la Lugha Mbili. Watoto wetu wanaendelea vizuri ajabu, lakini wazazi wao wanatamani wasikie Kihispania halisi kutoka kwa watu wa mji huu. Mwalimu alikumbuka barua yako nzuri. Ungependa kuja asubuhi moja, ukae nao, uwasimulie utoto wako, wakuulize maswali?

Hatuna malipo, ila kutakuwa na kahawa na keki. Nikuambie pia kwamba mtoto mmoja anahama mwezi huo, kiti kitabaki wazi, nami sijamsahau Yareli.

Heather Lindqvist


Tolliver, 26 Machi 2017

Dada Ofelia,

Barua yako ya maji niliisoma chooni kazini. Sikuweza kukujibu. Nimeikunja nimeiweka kwenye Biblia, na sikuthubutu kuifungua tena. Mshike mama mkono kwa niaba yangu.

Nilienda kule shuleni. Najua utasema sina akili, lakini alinitajia kiti. Kwa ajili ya kiti ningefagia vyoo. Niliomba ruhusa ya siku moja, nikavaa gauni nililovaa kwenye ubatizo wa Yareli.

Walinikalisha kwenye kiti kidogo, magoti yakafika kifuani, wakanizunguka. Watoto wazuri, dada, sina la kuwasema. Msichana mmoja wa nywele nyeupe alinyoosha mkono akaniuliza, kwa Kihispania cha adabu kuliko changu, "Bibi, ulipokuwa mdogo mama yako alikuwa anakufanyia nini unapoogopa?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifungua mdomo nijibu kidogo, nikajikuta siwezi kufunga. Niliwaambia jinsi mama alivyokuwa anatuweka sisi wawili ndani ya rebozo, mtandio wake, wakati wa radi, anahesabu mpaka ingurume. Niliwaambia kuhusu wewe na punda. Niliwaambia nilivyovuka jangwa, siyo yote, na kwamba nilikuwa na mimba ya Marisol, na kwamba usiku wa pili nilimwambia tumboni kila kitu kuhusu nyumbani kwa sababu sikujua kama tutafika. Wakauliza zaidi. Nilikaa saa nzima na nusu. Hayo yote, Ofelia, binti zangu hawajawahi kuyasikia.

Nilipoinua macho, Yareli alikuwa nje kwenye kioo cha mlango. Darasa lao lilikuwa linakwenda uwanjani, yeye amebaki nyuma, amebandika uso. Nikampungia mkono. Hakunipungia.

Shule ilipotoka nilimwuliza Bi. Heather kuhusu kiti. Akasema kipo, lakini anayeingia mwaka wa pili lazima awe anaifahamu lugha tayari, asije akapata shida. Akamwita Yareli pale pale, akapiga magoti mbele yake, akamwuliza kwa Kihispania, polepole, wapi nyumbani kwao na wanapenda kufanya nini na mama.

Safari hii hakuziba mdomo. Alijaribu, dada. Alisema, "Mama," akasimama. Akasema, "Mama anafanya," akasimama tena, akanitazama nimpe neno, nami sikuruhusiwa. Halafu akashuka macho kwenye viatu vyake. Bi. Heather akamkumbatia, akaniambia asante kwa kuja, watoto wamefurahi mno.

Marisol alikuja kutuchukua, tukarudi kwa miguu. Yareli alitangulia mbele njia nzima. Tulipoingia jikoni akamgeukia dada yake, akaanza kusema, kwa Kiingereza, haraka, huku analia, ananionyesha mimi kwa kidole, anaonyesha mlango, ananionyesha tena. Alisema mambo mengi. Sijawahi kumsikia akisema mambo mengi hivyo. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kumgusa na nilikuwa nadaka neno moja moja tu: mama, mama, watoto. Marisol alimsikiliza mpaka mwisho, naye machozi yakaanza kumtoka.

Nikamwuliza, "Anasema nini?"

Marisol alimpangusa mdogo wake machozi. Sijui kama alikosa maneno au alinihurumia.

Akasema, "Si kitu, mama. Amechoka tu."

Mdogo wako,
Eulalia